Hewa Iliyofungwa Nuruni

Mtoto wa tatu kufikishwa zahanati akiwa na midomo ya kijivu alikuwa wa kaka yake Nyemo.

Habari za wale wawili wa kwanza alizisikia kama mtu asikiavyo msiba wa mtaa wa pili: alisikitika, akachanga, akarudi kazini. Huyu wa tatu alimpakata mwenyewe. Wifi yake, Mahiyo, alitoka mbio kota za wafanyakazi, khanga imemponyoka begani, na alipofika mlangoni pa zahanati alijikwaa kwenye kizingiti. Nyemo, aliyekuwa ameitwa kwa simu na kufika kabla yake, alimdaka mtoto. Alikuwa binti, Matika, hata shingo hajakaza. Hakuwa analia. Alihema upesi upesi kama kifaranga aliyekimbizwa, na kucha zake zilikuwa na rangi ya jivu lililolowa.

"Mlaze hapa," alisema Daktari Eliufoo.

Alimvisha kinyago cha oksijeni, wakangoja. Mtoto mwenye shida ya mapafu akipewa oksijeni rangi humrudia. Matika haikumrudia. Daktari akamsikiliza moyo, akatikisa kichwa. "Mtoto wa Sechelela, yule wa pili, naye nilidhani ni moyo," alisema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea. Kisha akatafuta mshipa, akavuta damu kidogo.

Damu haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, nzito, kama kahawa iliyolala jikoni. Daktari aliidondoshea kwenye karatasi nyeupe na kuanza kuipunga hewani. "Damu iliyokosa hewa ukiipunga hivi hurudi kuwa nyekundu," alimweleza muuguzi. Alipunga, akapunga. Doa likabaki kahawia.

Nyemo alilitazama lile doa. Alikuwa Mkemia Mkuu wa mtambo wa Nuruni, uliounywesha mji mzima wa Chigonela. Alijua ni kitu gani huigeuza damu hivyo. Alijua pia kinatoka wapi, na alijua ni nani aliyekiacha kitoke.

"Daktari," alisema, "una ile dawa ya buluu? Ya kuchoma mshipani, wanayopewa watu waliokula sumu?"

"Methilini? Ipo kabatini. Kwa nini?"

"Mpe hiyo."

Daktari alimkazia macho. "Umejuaje?"

Mahiyo alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, akimwangalia wifi yake kama mtu aliyeko kisimani anavyoangalia kamba. Nyemo alifungua kinywa, na jibu lililotoka halikuwa lile lililokuwa limejaa kifuani.

"Niliwahi kusoma mahali," alisema.

Dawa ilipoingia mshipani, haikupita hata robo saa, rangi ikaanza kurudi, kwanza masikioni, kisha midomoni. Matika akakunja uso, akapiga kelele za hasira. Mahiyo alijiburuta kwa magoti mpaka miguuni pa Nyemo na kuishika. Nyemo alijaribu kumwinua, akashindwa, akabaki amesimama pale huku mikono ya wifi yake imemzunguka vifundo vya miguu, na maneno ya shukrani yakimwangukia moja moja kama mawe.

*

Mtambo wa Nuruni ulijengwa baada ya mito ya uwanda wa kati kukauka na watu kubaki na maji ya chini tu. Maji yenyewe yalikuwa yameshaharibika. Vizazi na vizazi vya vyoo vya shimo, mazizi na dawa za mashambani vilikuwa vimechujuka taratibu mpaka chini kwenye mwamba. Ukiyanywa hivi hivi unaugua. Kwa hiyo waliyavuta juu na kuyapitisha kwenye mionzi.

Nondo za kobalti zilikaa chini kabisa ya bwawa refu la saruji, ziking'aa rangi ya samawati iliyotulia. Maji ya mji yalipita kwenye mabomba yaliyozizunguka. Hayakuzigusa wala hayakuwa na mionzi yalipotoka, kama vile nguo iliyoanikwa isivyoondoka na jua. Kilichobadilika ni maji yenyewe. Mionzi ilizivunja molekuli zake vipande vipande, na vile vipande, vikali kuliko dawa yoyote ya dukani, viliua vijidudu na kurarua sumu za mashambani kabla havijatulia na kuwa maji tena. Watoto wa Chigonela walizaliwa wakiona maji ya bomba kuwa ndiyo maji pekee. Sheria ya Tone la Kwanza ilisema kitu chochote kitakachoingia kinywani mwa mtoto asiyetimiza mwaka sharti kiwe kimepita Nuruni. Na kwa kuwa ukame ulikuwa umekausha hata maziwa ya akina mama wengi, watoto walilelewa kwa maziwa ya unga, yakikorogwa kwa maji hayo.

Alipofika mtamboni, Nyemo hakupita ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la kutolea, akakinga maji kwenye glasi, akafungua kabati lake na kutoa kichupa cha dawa ya kupimia. Alidondosha matone machache.

Maji yakawa ya waridi. Yakaendelea kukolea mpaka yakafanana na juisi ya rozela.

"Hiyo rangi ni ya nini?"

Aliyeuliza alikuwa Mzee Yaledi, msimamizi wa zamu, mtu mnene mwenye ndevu za mvi aliyekuwa Nuruni tangu msingi unachimbwa. Alikuwa ameingia akifuta mikono kwa kitambaa.

"Nitriti," alisema Nyemo.

"Nzuri au mbaya?"

Nyemo aliketi kwenye kiti cha chuma na kuitazama glasi.

Yote yalianzia kwenye gasketi. Mionzi haivunji maji peke yake. Kioo cha kuchungulia bwawa kilikuwa kimegeuka rangi ya asali, na ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na mabomba ilivunjika siku moja mkononi mwa Yaledi kama biskuti. Gasketi za mpira zilizofunga maungio ya mabomba nazo zilikuwa zinakauka na kupasuka, na mpira ulioko kwenye mionzi hufa haraka zaidi ukipata oksijeni. Nuruni oksijeni ilikuwa nyingi, kwa kuwa mashine kubwa ilipuliza hewa ndani ya maji usiku na mchana. Gasketi mpya ziliagizwa, zikawa hazifiki. Maungio yakaanza kuvuja. Baraza la Maji lilimwita Nyemo na kumwambia afanye lolote, mradi mji usikose maji wakati wa kiangazi.

Akaifunga hewa.

Ilifanya kazi. Uvujaji ulipungua, gasketi zikatulia. Baraza lilimpigia makofi, na Mwenyekiti alimsifu mbele ya watu kwamba ameuokoa mji kwa kuzungusha valvu moja.

Lakini hewa haikuwekwa pale kwa urembo. Mionzi inapovunja maji, hutoka pia elektroni zilizo huru, zenye njaa ya kushika chochote kilicho karibu. Oksijeni ikiwepo kwa wingi, elektroni nyingi huishikilia hiyo, na madhara huwa madogo. Oksijeni isipokuwepo, huirukia nitrati, ile chumvi ya vyooni na mazizini, na kuigeuza nitriti. Nitriti ikiingia katika damu ya mtoto mchanga, huharibu kile kinachobeba hewa. Mtoto anavuta pumzi, hewa inaingia kifuani, na mwili hauipati.

Nyemo alilijua hilo tangu chuoni. Wiki ile alipofunga hewa alipima, akapata waridi hafifu, chini ya kiwango cha hatari. Akajiambia atapima kila wiki. Kisha kiangazi kikakaza, visima vikashuka, chumvi ikazidi ndani ya maji, na yeye hakupima tena. Muda alikuwa nao. Dawa ilikuwa kabatini, kwenye rafu ya juu, mahali ambapo jicho lake lilipita kila asubuhi. Alipofariki mtoto wa kwanza, wazo lilimjia akiwa anakunywa chai. Alilifukuza, akamalizia chai yake. Alipofariki mtoto wa Sechelela, watu wa afya walikuta majani makavu ya mlonge nyumbani kwa yule mama, wakasema amemlisha mtoto kitu kisichopita Nuruni, wakamkamata. Nyemo alipata nafuu moyoni. Hilo ndilo lililomuumiza sasa kuliko yote: kwamba siku ile alipata nafuu.

"Fungua hewa, Mzee," alisema.

"Yote?"

"Yote. Na tangi kubwa lioshwe."

Yaledi hakusogea. Hakuwa mjinga, na alikuwa ameshaunganisha mambo. "Watoto wale," alisema.

"Ndiyo."

Mzee alivuta kiti akaketi mkabala naye. Alikunja na kukunjua kile kitambaa. "Nitafungua. Gasketi hazitamaliza mwezi, lakini nitafungua. Sasa nikuulize, Mkemia. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iwe hivyo hivyo. Mimi kwangu haitatoka. Nisikilize, usinikatize. Ukitangaza jambo hili, watu hawatasikia habari ya hewa na chumvi. Watasikia kwamba Nuruni inaua watoto. Watakimbilia tope lililobaki kwenye malambo. Umewahi kuona kipindupindu, mwanangu? Mimi nimekiona. Kabla ya mtambo huu, nilizika kaka zangu wawili kabla jua halijazama. Fungua hewa, osha tangi, nyamaza. Watoto watapona, mji utakunywa."

"Na Sechelela?"

Yaledi alitazama kando. "Kesho Baraza linakaa kumsikiliza. Labda watamhurumia."

Wote wawili walijua kwamba adhabu ya Tone la Kwanza ilikuwa kukatiwa bomba: mtu haruhusiwi tena kuteka maji ya Nuruni mahali popote, maisha yake yote. Kwenye uwanda ule, hiyo ilikuwa njia ya adabu ya kumtuma mtu akafe mbali.

Mzee alinyanyuka kwenda kwenye valvu. Muda si mrefu mashine ya hewa ilianza kunguruma, na sakafu ikatetemeka chini ya viatu vya Nyemo.

*

Jioni ile kaka yake, Ndahani, alimlazimisha aje kula. Mahiyo alipika ugali wa uwele na mlenda, na kwa heshima ya siku akachinja kuku, kitu ambacho nyumba ile haikukifanya hata sikukuu. Matika alikuwa amelala kitandani katikati ya mito. Nyemo alipewa kiti chenye mto na kipande cha firigisi.

"Kula, dada," alisema Ndahani. "Wewe leo ndiye mgeni."

Alikula.

"Wifi," alisema Mahiyo baada ya kunawa, "nina jambo la kukuuliza. Nilikuwa naogopa, lakini wewe umemwokoa, kwa hiyo nikuulize tu. Nilikosea wapi? Maana jirani ameshanitazama vibaya. Ameniuliza kama na mimi nilimpa majani. Sijampa. Naapa sijampa chochote ila maziwa ya unga ya Baraza na maji ya bomba. Na maji nayachemsha, wifi. Ulivyotufundisha kwenye mkutano, baada ya yule mtoto wa kwanza. Ulisema tukiwa na shaka tuchemshe. Basi nayachemsha mpaka yanapungua nusu, ndipo namkorogea."

Nyemo aliweka glasi yake chini polepole.

Nitriti haifi kwa moto. Maji yanapochemka ni maji tu yanayopanda juu na mvuke. Kilichomo hubaki sufuriani. Ukichemsha mpaka yabaki nusu, umeongeza ukali mara mbili. Na kweli alikuwa amesema. Alisimama kwenye jukwaa, mwenye koti jeupe, akawaambia akina mama wachemshe, kwa sababu alitaka kusema kitu chenye sauti ya msaada.

"Hukukosea," alisema. "Mahiyo, sikiliza. Usichemshe tena mpaka yapungue. Na maji yote uliyonayo kwenye madumu, yamwage. Leo hii."

"Yote? Ya mgao wa wiki?"

"Yote. Nitakuletea mengine."

Ndahani aliinua uso. "Kwa nini yamwagwe, dada?"

Hapo alikuwa na nafasi, na waliokuwepo walikuwa ndugu zake peke yao. Alimwangalia kaka yake, aliyeacha shule ili yeye asome. Akamwangalia Mahiyo, ambaye uso wake ulikuwa bado umevimba kwa kilio cha mchana.

"Ni tahadhari tu," alisema.

Alipotoka nje, aliona kila nyumba ya kota imepanga madumu yake ya njano ukutani, yamejaa, yamefunikwa vizuri. Maji ya wiki nzima. Yaledi alikuwa amefungua hewa, lakini hakuna valvu iliyoweza kuyafikia madumu yale. Katika baadhi ya nyumba zile mwanga wa jiko ulikuwa unawaka, na aliweza kusikia, au alidhani anasikia, mchemko wa sufuria.

*

Baraza lilikaa asubuhi katika banda la mnada wa zamani, siku hizi halina ng'ombe. Watu walijaa mpaka nje, wamejitanda shuka dhidi ya vumbi. Sechelela alisimama mbele, msichana mwembamba mwenye kichwa kilichonyolewa kwa ajili ya msiba. Hakuwa analia. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini na bado hajajua yuko nyumba ya nani.

Mwenyekiti Foibe Chisoji, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma shitaka, akauliza kuhusu majani.

"Ni ya kwangu mwenyewe," alisema Sechelela. "Nilikuwa nayanywa ili maziwa yatoke. Mtoto sikumpa."

Minong'ono ilipita kwenye banda. Mwenyekiti akagonga meza. "Tumemwita Mkemia Mkuu atuthibitishie jambo moja, ili lisiwe na ubishi. Mama Mkemia, simama. Je, maji ya Nuruni aliyopewa mtoto huyu yalikuwa salama?"

Swali lenyewe lilikuwa limetengenezwa likiwa na jibu ndani yake. Alichotakiwa ni kusema ndiyo na kuketi. Nyemo alisimama. Nyuma kabisa alimwona Mzee Yaledi, mikono kifuani, akimtikisia kichwa taratibu.

"Hapana," alisema. "Hayakuwa salama."

Mwenyekiti aliisogeza miwani yake juu ya pua.

"Rudia," alisema Mwenyekiti.

"Mama huyu hana kosa. Mtoto wake ameuawa na maji ya bomba. Na yule wa kwanza pia. Jana alikuwa afe mtoto wa kaka yangu, kwa maji yale yale." Alijisikia akisema haraka mno, akajizuia. "Mionzi ikivunja maji, kuna kitu hutoka ndani yake chenye njaa. Tulikuwa tunakilisha hewa. Mimi niliifunga hewa ili gasketi zisiharibike. Basi kikaila chumvi iliyomo kwenye maji yetu, na ile chumvi ikageuka sumu ya watoto wachanga. Mtu mzima anaweza kuinywa asijue. Mtoto mdogo damu yake inakuwa kahawia, anakosa hewa huku anapumua."

"Ulijua?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Nilijua kwamba inaweza kutokea. Nilikuwa na dawa ya kupimia. Sikupima."

"Kwa nini hukupima?"

"Niliogopa nitakachokiona."

Watu walianza kuinuka. Mama mmoja alimshika mwanawe mdomoni kama anayetaka kumtoa alichokwisha kumeza. Ndahani alikuwa amesimama mlangoni, anamwangalia dada yake kwa macho ambayo Nyemo hakuyafahamu. Mwenyekiti alikuwa anagonga meza, anagonga, hakuna anayesikia. Katikati ya vurugu ile Sechelela aliinua mkono, kama mwanafunzi. Waliokuwa karibu wakanyamaza kwanza, kisha wengine.

"Mkemia," alisema. "Mimi nilikuwa nachemsha. Usiku nilikuwa naamka kuwasha moto ili nichemshe tena, kwa sababu nilimwona anazidi kubadilika rangi. Kuchemsha kulimsaidia japo kidogo?"

Nyemo alitamani kwa moyo wake wote kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na msichana yule angelibeba maisha yake yote kama kitu cha kujifunika. Lakini akina mama walikuwa wamejaa banda zima, na madumu yalikuwa yamepangwa ukutani mji mzima, na kila mmoja wao, kwa hofu aliyoipata asubuhi ile, angerudi nyumbani akawashe moto.

"Hapana," alisema. "Kuchemsha kuliongeza ukali. Kadiri yalivyopungua ndivyo yalivyokuwa mabaya. Msichemshe. Maji yote mliyohifadhi yamwagwe, mtoto asikorogewe hata kijiko." Kisha akamgeukia Sechelela. "Hukujua. Mimi ndiye niliyewaambia mchemshe."

Sechelela aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeelekezwa njia. Halafu akakaa chini, pale pale vumbini, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

*

Mzee Yaledi alikuwa amesema kweli. Watu hawakusikia habari ya hewa na chumvi. Kabla ya jua kusimama utosini umati ulikuwa umefika langoni mwa Nuruni na mawe, na Baraza likaamuru mtambo ufungwe, ijapokuwa maji yaliyotoka siku ile yalikuwa safi kuliko ya miezi iliyotangulia. Nyemo aliwaambia hivyo. Alikuwa mtu wa mwisho ambaye wangemwamini.

Walikwenda kwenye malambo. Kipindupindu kilifika kama mgeni anayeijua njia. Kiliondoka na wazee kwanza, na miongoni mwao mke wa Mzee Yaledi. Nyemo alikwenda msibani. Yaledi alimpokea, akampa kigoda, akamletea maji ya kunawa kama mgeni yeyote. Hakumlaumu. Alisema tu, huku akitazama mkeka, "Nilikuambia," bila hasira, na Nyemo akainamisha kichwa kwa sababu ilikuwa kweli.

Watoto wachanga hawakufa tena kwa damu ya kahawia. Alilihesabu hilo kila siku upande mmoja, na makaburi mapya upande mwingine, na hesabu haikukubali kufungwa. Alipokuwa kimya, watu walikufa. Aliposema, wakafa wengine. Kilichobaki, kila alipokizungusha, ni mkono wake kwenye valvu, na kile kichupa kwenye rafu ya juu.

Baraza lilimvua ukuu wa ukemia. Hawakumkatia bomba; Mwenyekiti Foibe alisema bomba lenyewe halipo la kukata. Walimpa kazi kwenye vituo vya maboza, malori yaliyokuwa yakileta maji kutoka mbali mpaka gasketi zifike na mtambo ufunguliwe tena. Kazi yake ilikuwa kutia klorini kwenye ndoo ya kila mtu, kukoroga, na kumwambia angoje nusu saa kabla hajanywa. Baadhi walimtemea mate pembeni ya kiatu. Wengine walichukua maji yao bila kumwangalia. Ndahani alimtuma mtoto wa jirani kumtekea, yeye hakuja. Mahiyo alikuja mara moja, akiwa na Matika mgongoni, akasimama kidogo, akasema, "Anakula vizuri," akaondoka.

Asubuhi moja, foleni ikiwa ndefu kwa kuwa boza lilichelewa kufika, Nyemo aliinua uso na kumwona Sechelela mbele yake. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. Alitua ndoo chini.

Waliokuwa nyuma walinyoosha shingo.

Nyemo alikuwa ameyaandaa maneno kwa siku nyingi. Aliyaandaa akiwa anakoroga ndoo, akiwa anafua, akiwa ameamka macho makavu kitandani. "Sechelela," alianza, "mimi—"

"Sikuja kukusamehe," alisema Sechelela. "Nimekuja kuteka maji."

Nyemo akafungua bomba la boza. Maji yaliingia ndooni kwa kelele. Alipima klorini, akamimina, akachukua mwiko na kukoroga.

"Siku ile barazani," alisema Sechelela, "ulisema mtoto wake. Mtoto wa mama huyu. Watu wa afya nao walisema marehemu. Mwenyekiti alisema mtoto husika. Hakuna aliyeniuliza anaitwa nani."

Nyemo aliacha kukoroga. Ilikuwa kweli, hata yeye, katika usiku wake wote wa kujihukumu, hakuwahi kujiuliza.

"Anaitwa nani?"

"Senyagwa. Babu yake ndiye aliyempa. Alikuwa na alama hapa." Aligusa chini ya sikio lake la kushoto. "Kila mtu alisema itafutika akikua."

"Senyagwa," alisema Nyemo.

Sechelela alimsikiliza akilitamka, kama anayepima kama limetamkwa sawasawa. Kisha akainama, akakunja kipande cha khanga kuwa kata, akaiweka kichwani. Ndoo ilikuwa imejaa, na peke yake asingeweza kuiinua. Aliangalia nyuma kwenye foleni, hakuna aliyesogea. Basi akamgeukia Nyemo na kungoja.

Nyemo alizunguka meza. Walishika ndoo kila mmoja upande wake, wakainyanyua pamoja, mpaka ikakaa juu ya kata. Maji kidogo yalimwagika na kuwalowesha wote wawili mikono.

"Ngoja nusu saa kabla hujayanywa," alisema Nyemo.

"Najua," alisema Sechelela, akaondoka nayo.